Beta imetoka 214, sasa nifanyeje? Mwongozo kamili wa homoni za mimba changa baada ya IVF (mimba ya kutungishwa maabara), kwa sisi wa Kigoma

Mi nipo Mwanga, Kigoma mjini, kupandikiziwa embrio (yai lililorutubishwa) nilipandikiziwa Dar na siku ya tatu nikapanda basi kurudi nyumbani kwasababu hela ya gesti ilikuwa imekata na mume wangu likizo imeisha. Kwahiyo mambo yote ya kupima beta (kipimo cha damu cha hCG, homoni ya mimba), kusubiri majibu, kulia, kupima tena, yamenikuta huku huku, daktari wangu yuko zaidi ya kilomita elfu moja na mimi nina simu na bando tu. Mimi ni mwalimu, siyo daktari, lakini ninachokuandikia hapa ndicho nilichotamani mtu aniandikie mapema, maana nilichezewa akili na namba moja kwa siku mbili nzima bila sababu, ntakusimulia.

Kitu kimoja ukishike kabla hatujaanza: namba moja peke yake haisemi kitu. Zinazosema ni namba mbili, zimetoka mashine ile ile, zimepishana masaa 48.

Hatua ya 1: Kabla hujaondoka Dar (au Mwanza, au popote ulipotibiwa)

Usitoke kliniki bila karatasi. Ukiambiwa "tutakutumia WhatsApp" sema sawa ila naomba na karatasi. Iwe na tarehe ya kutolewa mayai, tarehe ya kupandikizwa, embrio ilikuwa ya siku ya 3 au ya 5, zimewekwa ngapi, ilikuwa mzunguko wa embrio mbichi au zilizogandishwa (hili lina maana kubwa, tutalifikia kwenye progesteroni, homoni inayotunza mimba), dawa zote na dozi zake, tarehe ya beta ya kwanza, dawa zinaendelea mpaka wiki ya ngapi, na namba ya simu ya sista anayepokea hata Jumapili. Na grupu lako la damu liandikwe hapo.

Dawa nunua za kukutosha mpaka mwisho. Usijidanganye kwamba utazipata Kigoma, famasi moja wanakuwa nazo mwezi huu, mwezi ujao hawana, na hizi siyo dawa za kukaa siku mbili unasubiri mzigo uje na basi.

Halafu piga simu maabara ya huku kwenu kabla hata hujarudi, uliza maswali matatu. Mnapima beta hCG ya namba au ile ya ndiyo na hapana tu? Mnaipima hapa hapa au sampuli inasafirishwa, na majibu yanarudi lini? Vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vipo? Hilo la tatu nililidharau likaniadhibu.

Na safari jamani, embrio haidondoki. Basi liruke matuta, ukohoe, ucheke, upande ngazi, embrio imebanwa katikati ya kuta za kizazi kama mbegu ya ufuta kwenye siagi. Kulala kitandani wiki mbili hakuongezi mimba kushika, kunakuongezea mawazo tu.

Hatua ya 2: Hesabu umri wa mimba mwenyewe

Hapa wengi wanachanganyikiwa, hata baadhi ya manesi. Kwa IVF siku ya kutolewa mayai inahesabiwa kuwa mimba ina wiki 2 kamili. Kwahiyo ukiwekewa embrio ya siku ya 5, siku hiyo hiyo una wiki 2 na siku 5, ya siku ya 3 una wiki 2 na siku 3. Ndiyo, unaitwa mjamzito wa wiki mbili na nusu wakati bado hujui kama una mimba, ndivyo hesabu ilivyo.

Tufanye umewekewa embrio ya siku ya 5 tarehe 3 Machi. Beta ya kwanza siku ya 9 mpaka 11 baada ya hapo, yaani 12 mpaka 14 Machi, hapo mimba ni wiki 4 na kidogo. Ultrasaundi ya mapigo ya moyo tuseme kuanzia 29 Machi mpaka 2 Aprili, wiki 6 na nusu kwenda 7. Kujifungua ni siku 261 kutoka kupandikizwa, 19 Novemba. Chukua kalenda ya ukutani uziweke zote alama. Wale wa IUI (mbegu kuingizwa moja kwa moja kwenye kizazi), au wa vidonge vya kukomaza mayai, beta yenu ni kama siku 14 baada ya mbegu kuwekwa au yai kupasuka.

Hatua ya 3: Zile siku za kusubiri na kishawishi cha kijiti

UPT, kile kijiti cha kupima mimba kwa mkojo, inauzwa kila duka la dawa, bei ya soda, na najua utainunua. Ila ujue mambo mawili. Kwanza vijiti vingi vinaanza kuonyesha hCG kwenye mkojo ikifika kama 25, chini ya hapo vinakaa kimya hata kama mimba ipo. Pili, ile sindano ya mwisho ya kukomaza mayai, Pregnyl au Ovitrelle, ni hCG yenyewe, homoni ile ile inayotafutwa na kijiti, na inaweza kukaa mwilini siku 10 mpaka 14. Kwahiyo ukipima siku ya nne baada ya kupandikizwa ukaona mistari miwili ukampigia mama mkwe, inawezekana umesoma sindano. Waliopandikiziwa embrio zilizogandishwa kwa mzunguko wa vidonge (kizazi kimeandaliwa kwa dawa, bila yai kupasuka) mara nyingi hawachomwi hiyo sindano, hao kijiti hakiwadanganyi kwa njia hiyo.

Na mambo ya kupanga vijiti sita kwenye dirisha uangalie upi mstari wake umekolea, acha. Mkojo wa asubuhi na wa jioni haulingani, hata vijiti vya boksi moja havilingani.

Dalili nazo hazisaidii. Matiti kuuma, usingizi, tumbo kujaa, choo kigumu, vyote vinaletwa na progesteroni unayoweka, mimba iwepo isiwepo.

Hatua ya 4: Beta ya kwanza

Damu ya mkononi, haihitaji kufunga kula. Kama unatumia vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini nyingi mwambie mtu wa maabara, maana bayotini inaweza kuvuruga baadhi ya mashine, ni vizuri kuviacha siku kadhaa kabla.

Majibu yatasoma mIU/mL au IU/L, ni kitu kimoja, usianze kuzidisha. Chini ya 5 hakuna mimba. Kuanzia 5 mpaka 25 ni eneo la kijivu, unarudia baada ya siku mbili. Juu ya 25 ni mimba. Baada ya hapo usitafute namba yako inalingana na ya nani. Kuna walioanza na 40 leo wana watoto wanakimbiza kuku, na kuna walioanza na 400 haikufika. Namba kubwa inaweza kuwa mapacha, inaweza pia kuwa embrio moja iliyojishikiza mapema, ultrasaundi ndiyo itakayosema.

Ikitoka hasi, usiache dawa kwa hasira siku hiyo hiyo. Piga simu kliniki, wakikwambia acha ndiyo unaacha, wengine wanataka urudie baada ya siku mbili kwanza.

Hatua ya 5: Beta ya pili, hapa ndipo penye kazi

Mimba changa inayokwenda vizuri, hCG inaongezeka karibu mara mbili kila masaa 48 mpaka 72. Lakini mara mbili siyo sheria ya Musa. Kiwango cha chini ambacho madaktari wengi wanakitumia sasa kwa masaa 48 ni ongezeko la asilimia 49 kama beta ya kwanza ilikuwa chini ya 1500, asilimia 40 kama ilikuwa kati ya 1500 na 3000, na asilimia 33 ikiwa juu ya 3000. Kadri namba inavyokuwa kubwa mwendo unapungua, ukishapita 6000 inaweza kuchukua zaidi ya siku nne kufika mara mbili na hakuna tatizo lolote.

Hesabu ni hii: ya pili toa ya kwanza, gawanya kwa ya kwanza, zidisha mia. Mfano 112 ikawa 236. Tofauti ni 124, gawanya kwa 112, unapata kama asilimia 111, lala usingizi. Mfano mwingine 180 ikawa 275, hiyo ni kama asilimia 53, imepita mstari ila kwa kuchechemea, unapima tena. 180 ikawa 210? Asilimia 17, hiyo ni simu kwa daktari siku hiyo hiyo, maana inaweza kuwa mimba isiyoendelea au iliyotunga nje ya kizazi.

Sasa yangu. Alhamisi nilipima maabara ya kwanza nikapata 214. Jumamosi narudi naambiwa dada vitendanishi vimeisha, njoo Jumatatu. Mimi na roho yangu ya kunguru nikachukua bodaboda mpaka maabara nyingine, jioni nikapewa kikaratasi kimeandikwa 318. Nikatoa simu nikapiga hesabu pale pale nimesimama kwenye jua, 104 kugawa 214, asilimia 48.6. Nilirudia mara tatu labda nimekosea kubonyeza. Sikula, nilikaa uani mpaka giza, mume wangu ananiuliza kuna nini namwambia vitunguu.

Usiku nikamtumia sista wa Dar picha za karatasi zote mbili. Swali lake la kwanza halikuwa "unaumwa tumbo?", lilikuwa "dada, mbona hizi karatasi hazifanani?" Nikamwambia nimebadili maabara. Akaniambia itupe hiyo ya pili, rudi ulikoanzia Jumatatu saa ile ile. Jumatatu ikatoka 842. Kutoka 214 kwa masaa 96 hiyo ni karibu mara nne, yaani imeongezeka karibu mara mbili, halafu karibu mara mbili tena, kama kitabu. Mashine ya pili ilikuwa inasoma chini tu. Haikuwa mbovu, ni kwamba mashine tofauti zinatumia vitendanishi tofauti na zinaweza kupishana kwa robo nzima kwa damu ile ile.

Kwahiyo maabara moja, saa moja, andika na saa ya kuchomwa sindano siyo tarehe peke yake. Kama vitendanishi vimeisha ni bora kusubiri masaa 96 kuliko kuhama, isipokuwa kama una maumivu au unatoka damu, hapo husubiri chochote.

Baada ya beta mbili au tatu nzuri, acha kupima. Kweli acha. Kila beta ni hela na ni siku moja ya kukosa pumzi.

Hatua ya 6: Progesteroni, homoni inayosomwa vibaya kuliko zote

Kwa mimba ya kawaida progesteroni inatoka kwenye lile kovu la yai lililopasuka, halafu kondo la nyuma linachukua kazi kwenye wiki ya 7 mpaka 9. Kwenye IVF ya embrio mbichi makovu yapo ila yamedhoofishwa na dawa, ndiyo maana unaongezewa. Kwenye embrio zilizogandishwa kwa mzunguko wa vidonge, yai halikupasuka kabisa, kovu halipo, progesteroni yote uliyonayo ni ile unayoiweka kwa mkono wako. Huyu akiacha dawa wiki ya 5 kwasababu "najisikia vizuri" au kwasababu zimeisha, anaiangusha mimba nzima iliyokuwa haina shida. Ndiyo nilikwambia tarehe zako na aina ya mzunguko viwe kwenye karatasi.

Ukisahau dozi weka ukikumbuka, usiweke mbili kwa pamoja kufidia bila kuuliza.

Mtego wa kipimo: ukiweka Cyclogest au Utrogestan ukeni, dawa inakwenda moja kwa moja kwenye kizazi, kwenye damu ya mkono inaonekana kidogo. Duphaston, ile ya kumeza, ndiyo kabisa, kipimo cha progesteroni hakiioni, kwasababu ni kemikali nyingine inayofanya kazi ile ile. Kwahiyo mtu anapima kwa kiherehere chake, anapata 6, anasoma mtandaoni inatakiwa juu ya 10, anaanza kumeza dozi mara mbili. Halafu angalia kipimio: kuna ng/mL na kuna nmol/L, na 10 ya kwanza ni kama 32 ya pili. Nimeshamsaidia dada mmoja wa Kasulu aliyekuwa analia progesteroni imeshuka kutoka 60 mpaka 20, kumbe karatasi ya kwanza nmol/L, ya pili ng/mL, haikushuka, ilipanda kidogo. Ushauri wangu, kama kliniki yako haijaomba kipimo cha progesteroni usijiombee.

Joto letu sasa. Zile pesari za Cyclogest zimetengenezwa kwa mafuta magumu, zinayeyuka. Mimi kwenye basi niliziweka kwenye mkoba, mkoba nikauweka dirishani, tunafika Uvinza nafungua nakuta pakiti limekuwa kama mawese ya asubuhi, limeganda nusu, nusu maji. Soma boksi linasema zikae chini ya nyuzi ngapi. Nyumbani, umeme ukikatika, mimi naziweka kwenye kopo lenye mfuniko pembeni ya mtungi wa maji chini kabisa sakafuni, hapo hazijawahi kunilainikia. Na ule uchafu mweupe unaotoka baadaye ni mafuta yale, dawa imeshaingia, usiweke nyingine.

Na hili gumu kidogo: progesteroni inaweza kuzuia damu kutoka hata kama mimba imesimama. Kwahiyo "sijatoka damu" siyo ushahidi kwamba kila kitu sawa, wala matone ya kahawia siyo ushahidi kwamba imeharibika, mara nyingine ni kizazi kimekwaruzwa na kuweka dawa tu. Ikitokea, piga simu, dawa endelea nayo mpaka uambiwe.

Estrojeni na thairoidi

Hapa kwa kifupi. Kama uliandikiwa Progynova au nyingine ya estrojeni, ni sehemu ya ule mzunguko wa vidonge, usiitoe kivyako. Thairoidi, kipimo chake kinaitwa TSH, kliniki nyingi wanapenda iwe chini ya 2.5 kwa aliyefanya IVF. hCG ikipanda TSH huwa inashuka yenyewe kidogo. Kama unameza levothairoksini mwambie daktari mara tu beta inapokuwa nzuri, maana wengi huongezewa dozi mapema.

Hatua ya 7: Vitu ambavyo havisubiri beta

Maumivu makali ya upande mmoja chini ya kitovu, maumivu juu ya bega bila kuinua kitu, kizunguzungu au kuzimia, damu nyingi. Hiyo inaweza kuwa mimba ya nje ya kizazi imepasua mrija, na kupandikiziwa ndani ya kizazi hakukuhakikishii kwamba haiwezi kwenda kwenye mrija. Inaweza kuwepo hata pamoja na nyingine iliyo ndani, kwa IVF hutokea zaidi kuliko mimba za kawaida, na hapo beta inapanda vizuri tu inakudanganya. Nenda Maweni au hospitali iliyo karibu yenye chumba cha upasuaji, sema "nimefanya IVF, nina mimba ya wiki kadhaa" mlangoni kabisa, usikae foleni kimya.

Nyingine ni tumbo kuvimba ghafla, uzito kuongezeka zaidi ya kilo moja kwa siku, mkojo kupungua, pumzi kubana. Hizo ni ovari (vifuko vya mayai) zilizochochewa kupita kiasi, na hCG ya mimba ndiyo inaamsha upya, mara nyingi wiki moja au mbili baada ya mayai kutolewa. Jipime uzito kila asubuhi kwa zile siku.

Kama damu yako ni negative, ukitoka damu au mimba ikiwa nje, uliza kuhusu sindano ya anti-D, inayozuia mwili wako kutengeneza kinga dhidi ya damu ya mtoto.

Na ushauri wa kijiografia: kama unaishi vijiji vya mwambao kama Kalya, ambako usiku wa upepo ziwa halipitiki, omba hifadhi kwa shangazi au wifi hapa mjini mpaka ultrasaundi ya kwanza ipite. Utachoka na maswali yake lakini utakuwa karibu na hospitali.

Dawa za miti shamba za kushika mimba zitaletwa tu, tena kwa upendo. Mi nilipiga magoti, shikamoo mama, asante sana mama, nikaipokea nikaiweka kabatini, ipo mpaka leo.

Hatua ya 8: Ultrasaundi

Wiki ya 5 kinaonekana kifuko tu, wiki 5 na nusu kifuko cha kiini ndani yake, mapigo ya moyo kuanzia wiki ya 6 mpaka 6 na nusu. Kipimo kiwe cha kuingiza ukeni, cha juu ya tumbo mapema hivi kinakosa vitu. Kama beta imeshapita 3500 na ndani ya kizazi hakuna kitu, lazima daktari aitafute nje. Ila ukienda mimba ikiwa na siku 40 tu (wiki 5 na siku 5) ukaambiwa "hakuna moyo, kasafishwe", kataa kwa adabu, omba warudie baada ya wiki moja mpaka siku kumi. Daktari anatakiwa kuona mtoto amefika milimita 7 hana mapigo, au kifuko milimita 25 hakina kitu, ndiyo atamke.

Moyo ukishaonekana, beta haina kazi tena. Inafika kileleni wiki ya 8 mpaka 11 halafu inashuka yenyewe, na kichefuchefu kinapungua nayo, usishtuke.

Hatua ya 9: Kuacha dawa na kuanza kliniki

Kliniki nyingi wanaachisha progesteroni kati ya wiki ya 8 na 12, inategemea mzunguko wako, wengine kwa kupunguza polepole, wengine siku moja. Kwa mfano wetu wa 3 Machi, wiki ya 10 ni 23 Aprili, wiki ya 12 ni 7 Mei.

Ukienda kuanza kliniki ya wajawazito nesi atakuuliza, mwezi wako wa mwisho lini? Usimwambie tarehe uliyoona damu, maana mwezi ule ulikuwa wa sindano na vidonge. Toa siku 19 kutoka siku ya kupandikizwa embrio ya siku ya 5, hapo ni 12 Februari, sema 12 Februari. Wangu aliniangalia, akaniuliza una uhakika dada? Nikamwambia sista, hii tarehe ninayo mpaka na saa. Akacheka, akaiandika kwenye kadi.